Mama Aliyetaka Kupeleka Pole Ulaya

Nitasema wazi tangu mwanzo: chama kile kilinichosha. Watu wakizungumza leo juu ya umoja wa akina mama wa misheni kule Masisi, enzi zile vita vya Wazungu vilipokwisha, wanakumbuka nyimbo na vitambaa vyeupe vya kichwani. Mimi nakumbuka miguu yangu ikipanda na kushuka milima kwenye matope, nimebeba maneno ya watu wawili wasiotaka kuelewana, na mmoja wao alikuwa mama yangu mzazi.

Mambo yalianza hivi. Jumapili moja baada ya misa, Sista aliyetusimamia, ambaye sote tulimwita Mamere, alitueleza kwamba Ulaya kwao kulikuwa na watoto ambao vita viliwaua baba zao, na kwamba watoto hao walikuwa na njaa. Akaomba chama chetu kikusanye maharage, yapelekwe Goma kwa lori, na kutoka huko yasafirishwe mpaka baharini na kuvuka. Chama kilikuwa cha kujitolea. Hakuna aliyelipwa na hakuna aliyelazimishwa, na hilo lenyewe lilikuwa jambo geni katika nchi ambayo kila mzigo ulikuwa wa amri. Nadhani ndiyo maana wanawake walikubali haraka. Hata wale wa Walikale, waliosali kwenye kanisa dogo la kule porini, walituma habari kwamba wangeleta mafuta ya mawese.

Mamere alikuwa amejifunza methali moja, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, akaitumia kila Alhamisi tulipokutana barazani pa misheni, mpaka wanawake wakawa wanaimalizia kabla hajafika katikati. Alikuwa mtu mwema, sitamsingizia. Lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni na cha wanawake kilikuwa cha sokoni, na mimi, msichana niliyesoma miaka michache kwa masista, niliwekwa katikati kuvusha maneno. Wanasema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Nyasi nilikuwa mimi.

Ugomvi wa kwanza ulihusu rangi. Kwetu maharage hupandwa yakiwa yamechanganyika, mekundu, meusi, ya manjano, yenye madoa, kwa sababu mvua ikiyashinda haya, yale yatabaki. Na huvunwa na kupikwa hivyohivyo. Mamere alitaka kila rangi iwe na gunia lake. Alisema watu wa kwao hawakuzoea mchanganyiko. Basi tukakaa Alhamisi baada ya Alhamisi, baridi ya milima ikitupiga migongoni, tukichambua punje mojamoja kwenye ungo. Mwanzoni wanawake walicheka. Baadaye wakanuna. Mwishowe wakanigeukia mimi, kana kwamba wazo lilikuwa langu, wakitaka kujua kama mtoto mwenye njaa huko Ulaya huuliza kwanza rangi. Nikamuuliza Mamere. Akanijibu kwa methali yake, nami sikuitafsiri.

Siku magunia yaliposhonwa midomo, mama yangu aliinuka. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkulima hodari, asiyependa kusema mbele ya watu, kwa hiyo wote waligeuka. Akauliza ni nani atakayekwenda na mzigo.

Mamere akajibu kwamba atakwenda dereva. Mama akasema hakuuliza habari za dereva. Alitaka kujua ni nani kati yetu atakayefika kwa wafiwa wenyewe, huko Ulaya, akae chini nyumbani mwao, awashike mikono miwili na kuwaambia pole, ndipo awape chakula. Kwetu ndivyo inavyofanywa. Chakula cha msiba hakitumwi. Anayekileta huingia, hukaa chini, hushika mikono ya mfiwa na kusema pole, mfiwa hujibu asante, na baada ya hapo ndipo kikapu hufunguliwa. Ukikiacha mlangoni ukaenda zako, umeitukana nyumba.

Mamere alicheka, ingawa si kwa ubaya. Akaeleza habari za bahari, za meli, za ukubwa wa hiyo Ulaya. Wanawake walimsikiliza kwa adabu. Hawakuwa wajinga, walijua ni mbali. Ila hawakuona umbali ulihusiana nini na heshima. Walikuwa tayari wamepanga: wachaguliwe wanawake wawili wa kwenda, na waliobaki wawalimie mashamba yao hadi watakaporudi. Mwanamke mmoja mnene wa Walikale, aliyefika asubuhi ile na mtungi wa mawese mgongoni, kamba yake ikiwa imemwachia mstari kwenye paji la uso, alikuwa bado anajifuta jasho aliposema neno lililomaliza mjadala.

"Kwetu mu pori, ukipeleka chakula kwa mufiwa na hauikale chini, ile iko kulisha imbwa."

Hapo kila mwanamke akanyanyua gunia lake, lililokwisha kushonwa, akalirudisha nyumbani. Mamere alibaki barazani na sindano yake ya magunia mkononi. Lori lilikuwa linakuja wiki iliyofuata.

Sasa ndipo taabu yangu ilipoanza hasa. Mamere alinituma nyumba hadi nyumba nikawabembeleze. Mvua ilinyesha kila mchana, na nyumba zetu hazikukaa pamoja. Kila familia ilikuwa na kilima chake. Nilianguka, nikachafua gauni langu moja la maana. Kila mlango nilioufikia walinipa kiti, wakanipa viazi vya moto, wakanisikiliza mpaka mwisho, kisha wakaniambia kitu kilekile: muulize mama yako. Kwa hiyo nilizunguka milima yote ya Masisi ili nirudi jikoni kwetu.

Mama alikuwa anamenya viazi. Nilimwambia kwamba ametuaibisha, kwamba watoto wanakufa njaa kwa sababu ya mila za milimani, kwamba mtoto mwenye njaa hali pole. Nilisema mengi, na kwa sauti ambayo binti hamsemeshi mama yake. Aliniacha nimalize.

Sababu yake niliijua. Vita vilipoanza, baba yangu alichukuliwa kwenda kuchimba barabara ya Walikale, na huko mlima uliporomoka ukamfunika. Habari zilifika kwetu kwa lori. Lilisimama chini ya nyumba yetu bila hata kuzima injini. Mtu aliyekuwa nyuma aliuliza kama hapo ndipo kwa fulani, akatupa chini blanketi na kifuko cha chumvi, akagonga bati kumwashiria dereva, wakaondoka. Hivyo ndivyo mama alivyojua kuwa ni mjane. Hatukupata kuliona kaburi, na hakuna mtu wa barabara aliyewahi kukanyaga ua wetu.

"Chumvi ilifika," mama aliniambia, kisu kikiendelea na kazi yake. "Mutu hakufika. Siwezi kufanyia batoto ba bengine vile balitufanyia siye."

Ungedhani nililainika. Sikulainika hata kidogo. Nilikuwa na miaka ya ujana wangu, nilikuwa nimelowa mpaka mifupani, na niliona wafu wetu wakitumika kunizuia kumaliza kazi niliyopewa. Nikatoka nje nikakaa kwenye kuni.

Mamere naye maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akatafuta njia ya katikati: mama yangu asindikize magunia mpaka Goma, nami niende naye, na huko tuyakabidhi kwa mikono yetu. Alidhani safari ingemtosha mama. Wanawake walikubali wakarudisha magunia, kwa kuwa wao walielewa jambo jingine kabisa. Walielewa kwamba Goma kutakuwa na mtu aliyetumwa na wafiwa. Hilo linaruhusiwa kwetu. Mfiwa asiyeweza kusimama anaweza kumtoa ndugu yake apokee pole kwa niaba yake. Nilimweleza mama kwamba Goma kuna depo tu, ghala la mizigo, na watu wa kupima na kupakia. Alisema mzigo hauwezi kwenda mahali ambapo hakuna mwenyewe. Nilimrudia kwa maneno hayo njia nzima. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tulisafiri juu ya magunia. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka, akakifunika kwa majani ya mgomba ili mvua isikiharibu. Karibu na Sake lori lilizama kwenye matope, na tulishuka wote kulisukuma, isipokuwa yeye. Aliomba radhi kwa dereva, akasema hawezi kuingia kwa wafiwa akiwa mchafu. Dereva alinitazama mimi. Nilitazama pembeni, nikasukuma kwa nguvu za watu wawili. Lori lilipotoka, nilikuwa mweusi kwa tope mpaka kwenye nyusi, na mama juu kule midomo yake ilikuwa inatembea polepole, akijifunza maneno atakayosema.

Depo ilikuwa karibu na ziwa, juu ya yale mawe meusi ya volkano. Wapakizi waliyashusha magunia yetu, na kabla sijauliza kitu wakayachana kwa visu na kuyamwaga yote sakafuni, lundo moja, ili wayatie kwenye magunia makubwa ya safari. Mekundu juu ya meusi, ya manjano juu ya yenye madoa. Alhamisi zetu zote zilikuwa pale chini, na mpakizi mmoja alikuwa anayachanganya vizuri zaidi kwa koleo. Nilitaka kumpigia kelele mtu, yeyote yule.

Mama hata hakuyatazama. Alikuwa amekwisha kufika mezani kwa Mzungu aliyesimamia depo, na alikuwa ananiita nikavushe maneno. Aliuliza kama yeye ndiye ndugu wa wafiwa. Mzungu alisema yeye ni mtu wa mizigo. Aliuliza kama ndugu yao yuko mahali pengine humo ndani. Yule bwana alisema hapa hakuna mfiwa, mzigo umepokewa, mama anaweza kwenda nyumbani. Aliyasema hayo huku anawaonyesha wapakizi pa kuweka mitungi ya mawese, wala hakugeuka.

Mama alirudi mpaka mlangoni, akakaa chini. Alikaa kama watu wanavyokaa kwenye msiba, miguu imenyooka mbele, mikono mapajani, katikati ya njia. Wapakizi wakawa wanamzunguka na mizigo yao mabegani. Mmoja aliniuliza kama anaumwa. Mwingine alicheka. Dereva wetu alipiga honi, kwa maana mawingu yalikuwa yanashuka na alitaka kuvuka matope kabla ya giza. Nikamshika mama mkono nikamvuta, hakuinuka. Nikamvuta tena. Nilikuwa mchafu, nina njaa, watu wanatutazama, na kazi ya miezi ilikuwa inazolewa kwa koleo nyuma yangu.

"Mama, hapa hakuna mutu wa kupewa pole," nilimwambia. "Hakuna. Hata mumoja."

Aliinua uso akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, kuanzia miguuni, kwenye tope, mpaka usoni, kama anayemtambua mtu aliyekutana naye zamani.

"Ikala," akasema.

Nikamwambia dereva anatungoja.

"Ikala chini."

Nilikaa, si kwa utii bali kwa uchovu. Mama akasogea akanikabili, akaichukua mikono yangu yote miwili, na tope lake, akaishika juu ya kitenge chake cha Pasaka.

"Na weye baba yako alikufa," alisema. "Ile siku nilikutuma ku mutoni kuchota maji, juu usione vile tunalia. Wakati ulirudi tulikuwa tumenyamaza. Hakuna mutu alikuambia kitu, hata miye mama yako. Pole, mutoto wangu. Pole sana."

Kwetu mtoto hapewi pole. Hupewa chakula na kuambiwa akacheze, na anapokuwa mtu mzima msiba umekwisha kupita, hakuna anayerudi nyuma kumtafuta. Mimi mwenyewe sikuwahi kujua kwamba nilikuwa naidai pole hiyo. Dereva alipiga honi tena, na mpakizi mmoja akatuomba tupishe. Nilikuwa na hasira ya safari nzima mdomoni, na sikuwa tena na mtu wa kumtupia. Nikamjibu mama asante, kama mfiwa anavyojibu, lakini sauti haikutoka, ikabidi nirudie.