Faranga Mbili za Mapasa

Barabara mpya ya kutoka Kolwezi kwenda Fungurume ilikuwa bado haijafika popote, lakini mti wa kuwazuilia watu ulikuwa umeshasimama. Ndivyo walivyoanza kazi wenye kampuni ya barabara. Kabla ya lami, kabla ya daraja la zege, walisimika nguzo mbili kando ya mto Kaseya, wakalaza juu yake mti mrefu wenye mistari myekundu na myeupe, wakamweka mtu wa kuupandisha na kuushusha. Watu waliuita barrière. Gari lilipe, baiskeli ilipe, na tangu mvua za mwaka ule wa hamsini na saba, hata mwenye miguu mitupu akaambiwa alipe.

Alipie nini, hakuna aliyeelewa. Kivuko cha zamani, pale watu walipokuwa wakipita maji yakiwafika magotini, kilikuwa kimechimbwa na mashine mpaka kikawa shimo. Badala yake liliwekwa daraja la mbao linalolia ukilikanyaga, na ni kwa mbao hizo watu walitozwa. Mtu anakuharibia njia yako, halafu anakuuzia nyingine mbovu zaidi, na wewe ushukuru.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na kijiji cha watu wasio na nyumba za kampuni ya migodi. Kiliitwa Kwa Mukalay. Hapo ndipo alipokaa Mbelu na mumewe Kabeya. Zamani walikuwa na nyumba yao Kapata, katika mistari ya nyumba za wafanyakazi wa mgodi, mlango wao ukitazamana na milango mingine arobaini inayofanana nao. Mkataba wa Kabeya ulipokwisha, na nyumba ikaisha pamoja nao. Sasa Kabeya alivunja mawe ya barabara, na kwa kuwa mawe yalikuwa mbali, upande wa Fungurume, alirudi nyumbani Jumamosi tu.

Jumamosi hizo uwanja wao ulijaa maneno. Jirani yao Alfani, aliyeuza chumvi na samaki wakavu kwa baiskeli, ambaye wazazi wake walitoka mashariki, alikuja akimaliza sala yake ya magharibi na kukaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Hii barabara haiko ya sisi," alisema. "Ni ya camion kubwa za kubeba shaba. Sisi tutaiangalia tu na macho, na siku moja batalipisha hata macho."

"Mi inanilisha, tata Alfani," Kabeya alijibu. "Na weye, siku barabara itakwisha, utafika Fungurume mbele ya jua kulala."

"Nitafika na nini? Samaki yote itabakia ku barrière."

Walicheka. Mbelu hakucheka. Yeye alikuwa akifikiria mambo mengine yaliyosemwa kisimani: kwamba mti ule ulikuwa wa kuhesabia watu, na hesabu hiyo ilipelekwa mahali pasipojulikana, kwamba tangu mashine ziuchimbe mto, maji yalikuwa yamekasirika. Kibarua mmoja aliteleza kwenye nguzo za daraja, akaokotwa chini kabisa, penye matete, na nguo zake zikiwa hazipo. Wazungu walisema ni ajali. Wanawake walisema mto umechokozwa bila kupewa kitu, na sasa unajichukulia wenyewe. Mbelu aliposikia hayo alibeba ndoo yake ikiwa nusu, akaenda nyumbani kufunga mlango, mchana kweupe.

Alikuwa na sababu. Miezi minne nyuma alikuwa amejifungua mapasa, Mbuyi na Kabanga, kama mapasa wote wa kwao wanavyoitwa, wavulana wote wawili. Kwa watu wake wa Kasai, mama wa mapasa havuki maji mikono mitupu. Siku ya kwanza anapovuka nao anayapa maji kitu, cha huyu na cha huyu, sawasawa. Maana mapasa ni watu wa kupimiana. Uji wa mmoja ukizidi, kitambaa cha mmoja kikipendeza zaidi, yule mwingine ananuna, anageuza uso, anarudi alikotoka. Mama yake Mbelu alimwambia maneno hayo kwenye stesheni ya Mwene-Ditu, siku alipopanda treni kuja kuolewa, kana kwamba alijua. "Kama Mungu atakupatia babili," alisema, "usipende moja na mukono, ingine na kinywa tu."

Kwa hiyo tangu siku ya kujifungua Mbelu alikuwa amefunga faranga mbili katika ncha ya kikwembe chake, kitenge alichojifunga kiunoni. Chumvi iliisha nyumbani, hakuzigusa. Sabuni iliisha, hakuzigusa. Wala hakuvuka. Watoto walitakiwa kubatizwa Kapata; akasema wana kikohozi, kisha akasema yeye mwenyewe ana kikohozi, kisha akakosa kisingizio akawa anajificha tu katekista akija. Alikuwa anaogopa, basi. Mto ule alipouangalia kutoka kichuguu cha nyuma ya nyumba, aligeuka akaingia ndani.

Halafu, Jumanne moja, Kabanga akawaka moto.

Usiku kucha mwili wake ulichemka. Kulipopambazuka alikataa ziwa, na macho yake yakaanza kupanda juu, weupe mtupu ukibaki. Kabeya alikuwa mbali kwenye mawe yake. Dispansari ilikuwa Kapata, na kati ya Kapata na mtoto kulikuwa na mto. Mbelu alimfunga Mbuyi mgongoni, akamkumbatia Kabanga kifuani, kwa kuwa mapasa hawaachanishwi, akatoka mbio.

Kwenye barrière alikuwepo Polycarpe, amekaa juu ya sanduku la misumari, kofia ya kampuni kichwani. Naye alikuwa mtu wa Kasai, tena mwimbaji wa sauti nzito kanisani, lakini hakuwa mtu wa kuzoeleka. Aliishi peke yake. Mapasa wa Mbelu walipozaliwa na kijiji kizima kikaja kucheza na kuimba yale matusi ya furaha wanayoimbiwa wazazi wa mapasa, yeye peke yake hakufika. Akikutana na Mbelu njiani aligeuza uso pembeni. Mbelu alikuwa ameshajisemea kwamba yule ana roho mbaya, akaachana naye.

"Tata Polycarpe, fungula. Mutoto anakufa."

"Faranga moja, mama."

"Sina."

"Na ile ya mu kikwembe?"

Fundo lilikuwa linaonekana. Mbelu alilifunika kwa kiganja.

"Ile ni ya mayi ya muto. Weye ni mutu wa kwetu, unajua."

Polycarpe aliangalia viatu vyake. "Chef eko pale," alisema kwa sauti ya chini. Kweli, mzungu msimamizi alikuwa amesimama ukingoni karibu na mashine, mikono kiunoni, akiwatazama. "Juma lililopita alifukuza mwenzangu juu ya mutu moja tu alipita bure. Ni kulipa, mama. Usinitafutie mambo."

Kabanga alitoa sauti ndogo, si kilio, ni pumzi tu iliyokwama na kupita. Mbelu akafungua fundo kwa meno. Alitoa faranga moja, na mti ukapanda.

Alipofika katikati ya mbao ndipo akili yake ikamfikia. Alisimama. Chini maji yalikuwa mekundu kwa udongo wa mashine, yakizunguka nguzo. Mkononi alikuwa na faranga moja, na watoto wawili mwilini.

Amtolee Kabanga, mgonjwa? Ndiyo, nani asingemtolea. Lakini Mbuyi alikuwa mgongoni pake, mzima, akimpumulia shingoni, na angekuwa amenyimwa na mama yake mwenyewe juu ya maji haya yenye hasira. Amtolee Mbuyi? Hapo angekuwa amemuua Kabanga kwa mkono wake. Asitoe kabisa? Basi mto ungejichagulia. Nyuma yake camion ilipiga honi. Kabanga hakuwa anatoa sauti tena.

Mbelu aligeuka, akarudi hadi kwenye mti, akamnyoshea Polycarpe ile faranga ya pili.

"Shika."

"Ya nini? Umeisha kulipa."

"Nililipa ya moja. Hii ni ya mwenzake."

Polycarpe aliipokea kwa kutojua afanye nini. Mbelu akarudi kwenye mbao, na alipofika tena pale katikati alisema kwa nguvu, uso kwa maji:

"Mayi, mi sikukunyima. Ya Mbuyi na ya Kabanga iko mu mukono ya ule tata wa barrière. Muulize yeye."

Baadaye aliapa mara nyingi kwamba hakukusudia kumtupia mtu balaa. Alikuwa amebakiwa na ukweli tu, akausema. Kisha akakimbia, macho mbele, mpaka miguu yake ilipokanyaga udongo.

Nyuma alisikia sanduku likianguka. Aligeuka. Polycarpe alikuwa ameuacha mti juu, na camion na baiskeli zilikuwa zinapita bure chini yake, na mzungu alikuwa anakuja akipiga kelele. Polycarpe hakuwa anamsikia. Alikimbia juu ya mbao kofia ikimdondoka, akafika katikati, akafungua kiganja na kuziachia faranga zote mbili kwa pamoja, zisitanguliane. Halafu alichuchumaa palepale, mikono kichwani. Mbelu hakuwa na nafasi ya kumtazama zaidi.

Dispansari walimpiga Kabanga sindano, wakamlaza, wakampiga nyingine. Mbelu alikaa chini kando ya kitanda na Mbuyi mapajani, na kila mganga alipopita aliogopa kumwuliza. Wauguzi walimpa maziwa Kabanga kwa kijiko, naye Mbelu, kwa siri, akampa Mbuyi vijiko vya idadi ileile. Siku moja asubuhi Kabanga alilishika ziwa akavuta kwa nguvu mpaka likauma. Mbelu alilia akamwacha aume.

Lakini siku ya kuruhusiwa, hofu ilimrudia njia nzima. Hakuwa na faranga hata moja. Tena alikuwa akijiuliza habari za Polycarpe. Je, kama mto ulimwuliza kweli? Je, kama atakuta watu wanasimulia kwamba mlinzi wa barrière naye ameokotwa kwenye matete? Angeishije, yeye aliyesema yale maneno kwa sauti?

Alipokaribia mto aliona ng'ambo, kwenye mti, mtu mwingine, kijana asiyemjua, mwenye kofia ileile. Akasimama njiani.

"Mama Mbelu."

Polycarpe alikuwa amekaa kando ya njia, upande huu wa Kapata, kichwa wazi. Alikuwa amekonda. Alisimama, na kwa mara ya kwanza hakugeuza uso. Aliangalia kifuani pake, kisha mgongoni, kisha kifuani tena.

"Babili," alisema.

"Babili, tata."

"Nilikuwa nakuya kila asubuhi. Nilitaka kuona kama utarudia na babili, ao na moja."

"Balikufukuza kazi," alisema Mbelu. "Juu yangu. Unisamehe, tata. Mi sikujua nitafanya nini ingine."

"Kazi ni kazi." Alitoa faranga mfukoni. "Nitakulipia kwa huyu mupya. Yeye ni mutu wa Sandoa, mambo yetu haijue." Lakini hakuondoka. Alinyosha kidole, akakirudisha kabla hakijamgusa mtoto. "Mwenye alikuwa na homa, njo nani?"

"Njo huyu. Kabanga."

"Kabanga njo jina yangu," alisema Polycarpe.

Mbelu alimtazama. Watu walikuwa wamekaa naye miaka, wameimba naye, wamemlipa na kumtukana, na hakuna aliyewahi kumwuliza jina la nyumbani.

"Sisi tulikuwa babili," aliendelea, akiangalia mbao. "Mama alivuka na sisi muto Lubilanji, mbele ya vita ya kwanza. Alikuwa anakimbia, hakukuwa namna ya kungoya. Alikuwa na kitu moja tu ya kutoa, ushanga moja. Alitupa mu mayi. Mwenzangu hakumaliza juma."

Camion ya mawe ilikuwa inashuka kilima kuelekea daraja, na kijana wa Sandoa akaanza kuupandisha mti. Mbelu aliogopa kuuliza, akauliza.

"Alitupa ya nani?"

Polycarpe alingoja camion ipite.

"Yangu," alisema.