Picha ya Mama Kwenye Milima ya Chai ya India

Daktari aliniita pembeni kwa sababu mimi ni nesi. Tulikuwa kwenye hospitali moja kusini mwa India, mama yangu amelala ndani, mimi nimetoka Irving, Texas, siku nne zilizopita na miguu bado imevimba kwa ndege. Akasema dawa zimeshindwa. Zimebaki wiki chache. Nimpeleke mahali pazuri apumzike kabla ya kumrudisha Kenya. Nikamwuliza kama mama ameambiwa. Akajibu kwamba hilo ni la familia.

Familia ilikuwa kaka yangu anayeishi Katy, huko huko Texas. "Usimwambie," alisema kwenye simu. "Utam-stress bure. Mwache a-enjoy siku zake." Kazini kwangu Fort Worth huwa nawaambia watu ukweli kuhusu mama zao, nimekaa nao, nimewashika mkono, kama tulivyofundishwa. Ila kuhusu mama yangu, nilimjibu kaka sawa. Niliogopa, basi. Sina neno zuri zaidi.

Tukakodi gari kupanda milimani, mama akiamini anapelekwa kupata nguvu. Kona za barabara zilimtapisha mara mbili. Kisha ukungu ukafunguka, na huko chini kote ni chai, kijani mpaka macho yanauma. Mama akaitazama mikaratusi, akaitazama chai, akacheka. "Mmenivusha bahari yote hiyo kunileta Limuru?"

Kweli ilikuwa Limuru, ile ya mashamba ya chai kwetu Kenya, ila hii ina tumbili wanaopora mahindi ya kuchoma mikononi mwa watalii. Watalii wenyewe, wasiozoea kuona Waafrika, walipanga foleni kupiga picha na sisi. Mama alijinyoosha kwa kila mmoja, mwembamba ndani ya sweta langu. Niliuchukia uzuri wote ule. Nilitamani mvua inyeshe turudi chini.

Tulipokaa kwenye benchi akaanza, bila kuulizwa, habari za mama mdogo, ndugu yake wa pekee. Walikuwa hawasemezani miaka sita, tangu matanga ya nyanya, mama yao. Mama mdogo ndiye aliyemwuguza nyanya, akamficha mama jinsi hali ilivyokuwa mbaya, eti asihangaike. Mama alifika mwili ukiwa mochari. Hakumsamehe.

"Nitampigia," mama alisema. "Wacha kwanza nirudishe mwili kidogo. Sitaki anisikie na sauti hii ya mgonjwa."

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Ningesema tu, mpigie sasa. Lakini angeuliza haraka ya nini, na mimi sijui kumdanganya mama akiniangalia machoni. Nikamwambia, "Inua uso kidogo nikupige picha."

Picha hiyo niliituma kwa kundi letu la maombi, akina mama wa Irving tunaokutana Jumamosi asubuhi. Sikuandika chochote. Kwetu huhitaji kuandika; mgonjwa akionekana anacheka, basi Mungu ametenda. Zikamiminika haleluya, "mum ame-glow jamani," na kabla hatujashuka mlima wakawa wamepanga siku ya shukrani, nani ataleta chapati, nani pilau. Mmoja akaisambaza mpaka Kenya. Nilimsomea mama yote. Akafurahi, akaniagiza niwajibu kwamba anakuja kuzionja hizo chapati. Nikawajibu.

Alifariki wiki tatu baadaye, nyumbani kwake Nakuru. Likizo yangu ilikuwa imekwisha, nimesharudi Irving, kwa hiyo mazishi niliyatazama kwenye simu, kundi la maombi limenizunguka sebuleni. Chapati za shukrani walizileta matangani.

Mama mdogo alinipigia siku ya pili yake, nimekaa garini kwenye maegesho ya hospitali, nimeshavaa sare. Hakulia. Aliniambia kwamba wiki ile tulipokuwa mlimani alikuwa ameamua kumpigia mama yeye, liwalo na liwe, ndipo picha ikamfikia. "Nikaona dada yangu anacheka. Nikasema amepona, atanitafuta mwenyewe. Nikangoja."

Kisha akauliza:

"Wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama mdogo."

"Na huko mlimani network ilikuwako?"

"Ilikuwako."

Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na afadhali angenitukana.

"Mimi dada yangu alininunia miaka sita kwa jambo hilo hilo," alisema. "Sasa wewe, nani amebaki wa kukununia?"