Nilitubu Mbele ya Kanzu Nyeupe

Municheke tu, sitakasirika. Pasaka ile ya vita ilinikuta Kampala kwa mama mudogo, na Jumatatu akanitembeza kuona makanisa na misikiti ya muji. Mbele ya katedrali moja akaenda kununua maji. Nikabaki namutazama mwanaume mwenye kanzu nyeupe ndefu. Kwetu Bunia, anayevaa hivyo mulangoni mwa kanisa ni padri. Nikapiga magoti.

"Padri, ninataka kutubu. Masasi ya bunduki ilikuwa inalia kule mutaani kwetu Rwambuzi, mama akakataa kuacha kuku zake. Nilimukasirikia, nikakimbia bila kumuaga. Sijui kama iko muzima."

Hakunikatiza. Nililia mpaka mwisho, nikangojea anipe malipizi ya dhambi zangu. Akanishika mukono, akaniinua polepole, macho yake yamejaa machozi.

"Mama yako tutamuombea," akasema kwa Kiswahili cha barabarani. "Lakini mimi ni dereva. Nimeleta watu wa arusi. Huku kwetu kanzu ni nguo ya sherehe."

Mulango ukafunguka. Wakatoka wanaume zaidi ya makumi mawili, wote na kanzu, wakasimama kuniangalia.