Musichana wa Kwenye Revue Yetu Alikuwa Amezikwa

"Huyu nilimuzika mimi mwenyewe."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza musomaji alituambia kuhusu revue yetu, gazeti la mitindo ya nguo.

Ilikuwa siku ya kwanza ya kuuza. Mimi na Christa tulikuwa na meza yetu kando ya soko ya Virunga, hapa Goma. Mama mumoja akachukua revue, akaisogeza picha ya mbele karibu na macho, akasema hivyo.

Niseme kwanza sisi ni nani.

Mimi naitwa Nshobole, kwetu ni upande wa Bukavu. Mimi naandika, Christa anapiga picha. Tulichoka kusikia eti mwanamuke akitaka kupendeza lazima aache magoti nje. Tukaanzisha revue yetu wenyewe: gauni ndefu tunazoita robe, blauzi za libaya za mikono mirefu, vitambaa vya kichwa. Hatuna bosi, hatuna chama nyuma yetu.

Watu walitucheka. Vita iko mujini, banki zimefungwa, nyinyi munaongea nguo?

Tukakaza roho.

Picha ya mbele ilikuwa ya Umugwaneza, fundi wa atelier moja ya kushona nguo pale mutaa wa Katindo. Musichana mupole, hasemi sana. Tulichojua ni kwamba alikimbia kutoka kijiji cha Kibumba, na kwamba mama yake alikufa kule mabomu yalipoanguka.

Sasa mama huyu, Mukagasana, anatuambia huyo ni binti yake, na kaburi lake liko Kibumba.

Christa akaninong'oneza kwamba mama amechanganyikiwa. Siku hizi waliochanganyikiwa ni wengi. Lakini nikamuuliza binti alikuwa anaitwa nani.

Akataja lile lile: Umugwaneza. Na jina hatukuliandika popote kwenye revue.

Tukakunja meza, tukachukua moto, ile pikipiki ya kukodi, mpaka atelier.

Umugwaneza alikuwa kwenye mashini ya kushona. Akainua kichwa, akaona nani amesimama mulangoni. Hakulia. Muguu wake uliendelea kukanyaga, kitambaa kikawa kinapita chini ya sindano bila mukono wa kukiongoza.

Kumbe binti aliambiwa mama amekufa, na mama aliamini amemuzika binti.

Wamama wa atelier wakaanza vigelegele. Mama Mukagasana ndiye aliyewanyamazisha. Akashika uso wa binti yake, akauliza polepole:

"Basi yule niliyemuzika ni mutoto wa nani?"

Akaeleza kwamba maiti haikuwa na uso wa kutambua. Aliitambua kwa robe, ile ndefu ya maua ya bluu aliyomushonea Umugwaneza yeye mwenyewe.

Umugwaneza akakaa chini, sakafuni.

"Ni Niyonsenga," akasema. "Asubuhi ile alikuwa anaenda kuimba kanisani. Robe yake ilikuwa fupi, aliogopa wamama watamusema. Nikamupa yangu."

Niyonsenga alikuwa rafiki yake wa tangu utoto, nyumba kwa nyumba. Baba yake, muzee Habarurema, aliamini kwamba binti alivuka kwenda Uganda. Mpaka siku ile alikuwa anangoja simu.

Halafu mama akatuambia jambo lingine. Siku ile ya kuzika, wanaume walikuwa wamekimbia. Alipata mutu mumoja tu wa kumuchimbia kaburi.

Muzee Habarurema.

Tulienda kumuona kule Lac Vert, pembeni ya muji, anakokaa sasa. Alipomuona Umugwaneza yuko hai, alifurahi sana, akamukumbatia, akamushukuru Mungu. Kisha akamuuliza kama yeye na Niyonsenga walikimbia pamoja.

Umugwaneza akamugeukia mama yake. Ni mama ndiye aliyemueleza habari ya robe.

Sisi wote tulikuwa tunatazama chini. Muzee akaongea, sauti yake ya kawaida kabisa.

"Kule Kibumba ni mawe matupu," akasema. "Mabomu yalikuwa karibu. Nilitaka kuchimba kidogo tu, tukimbie. Halafu nikasema hapana, huyu ni mutoto wa mutu. Nikachimba mpaka kiunoni."

Akaingia ndani, akafunga mulango.

Revue zote ziliisha wiki ile. Watu wananipongeza, nami namuwaza muzee.

Ndugu zangu, ninachowaachia ni hiki: ukiombwa kuzika mutu wa wenyewe, usimuzike haraka haraka. Kwetu hapa, siku hizi, hakuna anayejua anamuzika nani.