Kadi Mbili za Lukresia

Lukresia wa Karatu hakuwa mtu wa kuweka ng'ombe wake wote zizi moja. Mmoja alikaa kwa Moloimet, rafiki wa marehemu mumewe, kule Olbalbal. Mwingine kwa shemeji yake Mbulu. Wazazi wake walifanya hivyo hivyo: ugonjwa ukiingia huku, kule inabaki mbegu. Basi vyama vilipokuwa vingi, naye akachukua kadi mbili, ya chama cha zamani na ya chama kipya, akaona amefanya jambo la akili.

Mwaka wa elfu mbili chama kipya kikakutana kuchagua nani agombee udiwani. Lukresia akafika mapema. Alitaka kitu kimoja tu, bomba la maji kitongojini kwao, maana alibeba maji kutoka korongoni tangu akiwa msichana, na sasa shingo ilikuwa inakataa. Katika wagombea wote, Anneth muuza maharage peke yake ndiye aliyesema habari ya bomba.

Wakati wa kupanga mstari nyuma ya mgombea, Godson, katibu wa tawi, akamzuia.

"Bibi, wewe una kadi ya wale."

"Ninayo. Na ng'ombe Olbalbal ninaye. Naye utamfukuza?"

Watu wakacheka. Godson hakucheka. "Hapa tunachagua mtu wetu wa kumpeleka kwa wananchi. Wewe utakubali mtu wa boma lingine aje akuchagulie mtamba wa kutoa mahari?"

Hilo likamwingia. "Ningojeni," akasema.

Akapanda kilima, mchana kweupe, mpaka kwa Obed, mwenyekiti wa chama cha zamani, akamwekea kadi yake mezani.

"Mama, unatukimbia na uzee huu?"

"Miaka yote nimekaa nanyi, maji sijayaona. Nawajaribu hawa. Wakinidanganya nitarudi, kwa hiyo kiti changu usikitoe."

Akarudi amejaa vumbi mpaka magotini, akasimama nyuma ya Anneth. Lakini mstari wa Julius mwenye duka ulikuwa mrefu zaidi, na Anneth akashindwa.

Siku chache baadaye Julius akaja kwa Lukresia na fulana ya chama. "Bibi, ya kuchaguana yamekwisha. Sasa si uko nami?"

Lukresia akaipokea fulana, akaisokota, akaiweka kichwani kama kata ya kutulizia dumu. Akachukua dumu lake, na lingine akamsogezea mgeni.

"Hilo utaniuliza tukirudi. Shika hilo, twende korongoni. Njiani utanionyesha bomba litapita wapi."

Julius akaviangalia viatu vyake. Bibi alikwisha shika njia.

Akalibeba dumu, akamfuata.