Kitanda cha Sita kwa Sita kwa Mwanafunzi Mmoja

Admin, naomba unifiche jina na picha usiiweke hata kwa bahati mbaya, maana wifi zangu wote wako kwenye huu ukurasa wako.

Mimi ni mama wa miaka 33, Mhindi, mzaliwa wa Tanga. Naishi Handsworth, Birmingham, na mume wangu, mtoto wetu na mama mkwe. Najua kuna watakaosema Mhindi gani huyu anaandika Kiswahili hivi. Nimezaliwa Ngamiani, mtanisamehe. Mume wangu na ndugu zake ni Wahindi wa Nairobi. Mtoto anajua Kigujarati na Kiingereza, kwa hiyo watu wazima tukitaka kugombana tunagombana kwa Kiswahili asielewe. Wiki hii ndani ya nyumba ni Kiswahili asubuhi mpaka jioni.

Nina mdogo wangu wa miaka 19, nimwite Pooja. Amekulia kwenye duka la baba la vifaa vya ujenzi, tangu mdogo anachora nyumba kwenye maboksi ya vigae. Anataka kusomea usanifu majengo, na mwaka huu alipata nafasi kwenye chuo kizuri cha Scotland. Tulilia kwenye simu wote wawili kwa furaha. Sasa wasio Wahindi niwaeleze jambo: kwetu binti haendi chuo, anaenda kwa ndugu, halafu chuo kinatafutwa karibu na huyo ndugu. Baba hata hakuuliza Scotland wanafundisha nini. Aliuliza, "Scotland tuna nani?" Hatuna mtu. Basi mume wangu akachukua simu akamwambia baba amlete Birmingham, atakaa kwetu, atasoma biashara, darasani ni siku mbili tu kwa wiki. Na mimi mjinga nikafurahi, nikajua nitapata mtu wa kwetu wa kucheka naye jikoni.

Jumamosi iliyopita akaja shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, na ndoo za rangi. Huyu ana miaka 38, mke wake alimkimbia mwaka juzi na humu ndani hakuna anayethubutu kuuliza kwa nini. Akaniuliza, "Bhabhi (ndiyo shemeji kwetu), huyo sister yako anapenda colour gani?" Nikamwambia njano. Nikamwona mtu mwema, nikampikia na chai. Mchana kikaletwa kitanda. Sita kwa sita! Kimejaa chumba kizima, mlango haufunguki vizuri, na ile meza ya kusomea niliyomwandalia mdogo wangu wakaitoa nje, inanyeshewa.

Nikauliza mwanafunzi mmoja anataka kitanda cha watu wawili cha nini. Mama mkwe wala hakuacha kukata bamia zake.

"Kwani wewe ulidhani anakuja kusoma tu? Kijana wangu atakaa peke yake mpaka lini? Wakuje wazoeane kwanza, by December tufanye kitu kidogo hapa temple."

Nikamgeukia mume wangu nikamuuliza kama alijua. Akasema, "Si ati kuna mtu anamforce. Na college ataenda, nani amekataa? Atasoma tu akiwa hapa."

Hayo maneno nayajua mimi! Ndiyo niliyoambiwa nikiwa na miaka 21, nafasi yangu ya ufamasia ninayo mkononi. Olewa kwanza, utasoma ukiwa huko. Nikafika, mama mkwe akaugua, nikashika mimba, ikawa basi. Leo nasimama kaunta ya duka la dawa Soho Road, nawakabidhi watu mifuko ya dawa iliyoandaliwa na wasichana waliosoma. Sijawahi kumlalamikia mtu, lakini roho inaniuma kila siku ninapovaa lile koti la kazi.

Nikampigia baba, nikijua atawaka. Akasema, "Mama, si kijana wa nyumbani huyo? Mtakuwa pamoja, mtu na dada yake. Usianze kumjaza maneno mwenzio kabla hajapanda ndege." Kumbe baba anajua. Mama naye anajua. Watu wazima wote wamekaa wakapanga, asiyejua ni mwenye safari peke yake. Na baba ameshasema asipokuja kwangu haendi popote, atakaa dukani auze misumari mpaka apatikane mchumba mwingine.

Mume wangu naye amenipa lake: "Ukimwambia, wewe ndio utarudi Tanga, na mtoto anabaki hapa." Kayasema hayo huku anakula chapati nilizompikia mimi. Nilitamani kumwaga mchuzi.

Lakini kilichoniwasha moto kuliko vyote ni hiki. Wamemwambia Pooja kwamba ni mimi niliyeomba aje. Kwamba nimechoka na upweke, namhitaji. Juzi akanipigia simu, akaniambia, "Dada, Scotland basi tu, majengo nitachora hata kwa kujifurahisha. Kama wewe umenihitaji, nakuja." Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni yangu ananitazama usoni. Nikasema, "Haya mdogo wangu." Hayo ndiyo yaliyotoka mdomoni mwangu, na tangu siku hiyo sijui nimkasirikie nani zaidi, wao au mimi.

Ijumaa hii ndiyo mwisho wa kuwajibu wale wa Scotland. Wa kuniambia nivumilie ndoa naomba apite tu, hilo nimelifanya miaka yote. Nawauliza ninyi wenye akili timamu, na hasa kama kuna mama humu aliyewahi kutishiwa mtoto wake katika nchi ya watu. Tangu nianze kuandika haya Pooja amepiga mara mbili, sijapokea. Atapiga tena, namjua. Nikipokea, nimwambie nini?