Vidole vya Wifi Theresia

Wifi yangu Theresia ni msusi hapa Bigwa, na nasema bila aibu: hakuna anayemfikia, hata hao wa mjini wenye viti vya kuzunguka. Mwaka jana alikuwa akikata majani ya mbuzi, mundu ukampitia kiganja cha kulia. Kano za kidole gumba na cha shahada zikakatika. Hospitali waliziunga, lakini vidole vikabaki vimekakamaa, havikutani. Msusi ambaye vidole hivyo havikutani hana kazi.

Mtaalamu wa mazoezi, binti anayeitwa Esther, akamwazima kishikwambi aende nacho nyumbani. Ndani yake mna mchezo wa maputo. Unayabana kwa vidole viwili mpaka yapasuke, na alama zinafika zenyewe hospitali. Majirani wakacheka, mama mzima anacheza gemu. Theresia akawaambia wakishamaliza kucheka wapite wamtwangie, maana yeye ana mkono mmoja.

Mazoezi yalimtoa jasho. Kaka yangu Gervas, mumewe, hakuweza kuvumilia kumwona anauma meno. Akaanza kumpokea, eti apumzike, yeye atammalizia. Kaka yangu moyo anao. Akili huwa anaazima. Aliyapasua yale maputo mpaka yakamnogea, akawa anachukua kishikwambi hata bila kuombwa.

Siku moja Esther akapiga simu kwa furaha. Alama zimepanda sana, mama amepona, arudishe kishikwambi kuna mgonjwa mwingine anakisubiri. Theresia akatazama vidole vyake, bado havikutani. Akikirudisha na vidole vile, kusuka ndiyo basi. Gervas akashauri aseme mkono umeanza kuuma upya. Nikamwambia anyamaze, ameshasaidia vya kutosha.

Nilimsindikiza mwenyewe. Esther akaweka punje ya harage mezani, akamwomba aiokote. Theresia hakuigusa.

"Aliyepona ni mume wangu, mwanangu," akasema. "Mimi bado. Niongezee muda, na yeye nitamtafutia kazi nyingine."

Esther alicheka mpaka akavua miwani. Akamwachia kishikwambi, kwa sharti asikiguse mtu mwingine.

Gervas akapewa vyombo aoshe. Theresia akapasua maputo yake mwenyewe, machozi yakimtoka, na nikimwambia leo inatosha anapasua jingine. Polepole vidole vikasogeleana, vikagusana, vikaanza kushika uzi.

Jumamosi iliyopita akaniita nikae chini, niwe wa kwanza. Akanisuka mtindo wa twende kilioni, mistari myembamba kama ya zamani, na alivyokuwa anavuta, nilihisi nyusi zinahamia utosini. Nikalalamika.

"Tulia, wifi," akasema. "Kigumu ni kichwa chako, si vidole vyangu."

Jumapili nikaenda kanisani bila kitambaa, nikakaa benchi la mbele kabisa. Waliocheka walikuwa nyuma yangu, wakahesabu mistari misa nzima.